Virutubisho na Tiba ya Ugonjwa wa Fizi

Ugonjwa wa fizi huanza pale utando laini wa bakteria unapojikusanya kwenye shingo ya jino na, usipoondolewa kwa mswaki, kuganda pamoja na madini ya mate hadi ukawa ugaga, yaani ganda gumu ambalo mswaki hauwezi tena kulibandua. Fizi huvimba, huwa nyekundu na kutoa damu kirahisi. Uvimbe ukidumu, ufizi huachana na jino, pakatokea mfuko ambao daktari huupima kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, na kina cha milimita 4 au zaidi humtahadharisha kuwa huenda mfupa unaoshikilia jino umeanza kuliwa.

Wengi hapo hukimbilia vidonge vya vitamini C, na imani hiyo ina chimbuko lake. Kolajeni, protini inayoushikiza ufizi kwenye jino, haisukwi ikawa imara pasipo vitamini hiyo, ndiyo maana anayeikosa kwa miezi kadhaa hupata kiseyeye, maradhi ya kufura fizi na kulegea meno. Mabaharia wa Vasco da Gama walipotia nanga Malindi Januari 1499, wakiwa hoi kwa kiseyeye baada ya kuvuka bahari kutoka India, wagonjwa walitamani mno machungwa ya pwani. Na mwaka 1747 daktari James Lind aliwagawa mabaharia 12 wawili wawili, wakapata nafuu upesi zaidi wale wawili waliopewa machungwa na malimau.

Lakini mwenye kiseyeye amepungukiwa na vitamini, ilhali wagonjwa wengi wa fizi wameelemewa na ugaga, ambao hakuna kidonge kinachoweza kuukwangua. Nafasi halali ya virutubisho ni sambamba na ukwanguaji wa ugaga unaofanywa na daktari: baadhi ya majaribio yameonyesha kuwa mafuta ya samaki yenye omega-3 huongeza nafuu kidogo, ingawa tofauti yenyewe huhesabiwa kwa vipande vya milimita. Kwa vitamini C, mahitaji ya mtu mzima ni takriban miligramu 75 hadi 90 kwa siku, kiasi ambacho pera moja kubwa lililoiva hukitosheleza, na mvutaji sigara huhitaji 35 zaidi. Vidonge vya kutafuna, kwa kuwa vina asidi, huweza kumomonyoa tabaka la nje la jino vikimung'unywa mara kwa mara, na mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hana budi kumweleza daktari kuhusu mafuta ya samaki kabla fizi hazijaguswa.