Jeneza Lipo, Machela Haipo

Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, siku zilikuwa Ijumaa na Jumamosi, tarehe 3 na 4 Mei 2024. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kutoa tahadhari, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Kimbunga kilifika upande wa Mafia, kikapungua nguvu. Lakini sisi bado twajiuliza swali moja juu ya Ijumaa ile. Adhuhuri, tangu Moa mpaka Mkwaja, misikiti ilijaa watu, na wengi wao ni wavuvi na mabaharia, yaani wale wale ambao tahadhari iliandikwa kwa ajili yao. Ni mimbari ngapi zilizoisoma?

Hatumlaumu khatibu yeyote. Khatibu hawezi kusoma tangazo ambalo hakuletewa.

Katika misikiti ya pwani hii jeneza lipo, tena lipo tayari. Watu wajua limewekwa wapi, nani ataliteremsha, nani ataosha maiti na nani atachimba kaburi. Ndugu zetu Wakristo wa Muheza, Korogwe na Lushoto nao wana vyama vyao vya kufa na kuzikana, vyenye daftari na mtunza fedha. Msiba ukitokea usiku wa manane, alfajiri hukuta kazi zimekwisha kugawanywa. Huo ndio utaratibu ulio bora kuliko wote tulio nao, wala haukuletwa na amri ya serikali yoyote. Wazee wetu waliujenga wenyewe. Basi waulize watu hao hao machela iko wapi, au ni nani katika mtaa ajuaye kumtoa maji mtu aliyezama. Watatazamana. Tumejiandaa barabara kumzika mwenzetu, na hatukujiandaa kumwokoa.

Si kwamba misiba imekosa kutufundisha. Mwezi wa Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Januari 2017 boti iliyotoka hapa Tanga kwenda Pemba ilizama karibu na kisiwa cha Jambe, wakafa watu 12. Na hata leo, watu wa Kipumbwi wavukao kwenda Mkokotoni kwa arusi, kwa maulidi au kwa mazishi hupanda chombo bila kuuliza kama maboya yanatosha. Yafaa pia kukumbuka mkutano wa maombi wa Moshi, tarehe 1 Februari 2020, ambapo watu 20 walikufa kwa kukanyagana. Hapakuwa na moto wala mafuriko. Palikuwa na umati uliokimbilia mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Wako wasemao kwamba vimbunga ni habari za Msumbiji na Bukini. Wazee wa Bagamoyo wa mwaka 1872 wasingesema hivyo. Mwezi wa Aprili mwaka ule kimbunga kiliivunja Unguja, kikazamisha merikebu za Sultani na kubomoa majengo ya misheni ya Bagamoyo, mwendo mfupi tu kusini mwa Saadani.

Wengine, nao ndio wengi, husema ni kudura ya Mungu. Twakubali. Lakini Nabii Yusuf, ambaye Waislamu na Wakristo wote humsoma, alipojua kwamba njaa inakuja hakukaa kuingojea. Aliweka nafaka ghalani miaka saba. Nabii Nuhu naye alishika mbao na misumari kabla tone la kwanza halijaanguka. Mashehe na mapadri wetu hulijua jambo hili kuliko sisi, na neno lao husikilizwa mahali ambapo neno la ofisi halifiki.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Twashauri kila kamati ya namna hiyo iwe na imamu na mchungaji ndani yake, na watoto wa madrasa na wa shule ya Jumapili wafundishwe tofauti ya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, pamoja na namba 114 ya Zimamoto. Kipaza sauti cha mwadhini na kengele ya kanisa vipewe mlio au neno moja la hatari, lijulikane na kila nyumba. Machela yenyewe si ghali: mianzi miwili, magunia mawili, na kamba. Yatundikwe kando ya jeneza.

Masika hayako mbali. Mabalozi wa mashina ya Kigombe, Tongoni na Kipumbwi wangefanya vema kwenda kwa maimamu na mapadri wao mapema, tena waende wakiwa na orodha mkononi: majina ya vijana wajuao kuogelea, ya wenye mashua zenye injini, na ya wazee na wagonjwa ambao hawawezi kutoka nyumbani bila kubebwa.