NILIINYWESHA GARI CHUPA TATU, IKANIZIMIKIA KINYASINI!

Wiki hii sina umbea wala mapenzi. Nina la gari, na limeniuma mfukoni.

Gari yenyewe ni Noah ya mjomba wangu. Alinikabidhi nibebe wageni wa Nungwi na Paje, hesabu yake nimpe kila Ijumaa. Masika ilipokolea, gari ikaanza ukorofi. Asubuhi inagoma kuwaka, ikiwaka inatetemeka, ukikanyaga mafuta inakohoa kama mzee wa tumbaku.

Nikafanya kile tunachofanya vijana wengi wa mjini. Nikaingia dukani Darajani, nikanunua dawa ya kusafisha injekta, chupa ina picha ya gari ya mbio. Nikamimina. Wapi! Nikaongeza ya pili. Ya tatu niliimimina alfajiri, siku nilipokuwa na wageni wanne wa kuwatoa Nungwi wawahi ndege ya mchana. Kufika Kinyasini gari ikakohoa mara mbili, kimya! Wageni wakadaka teksi iliyopita, na nauli yangu ikaondoka nao. Mjomba nilimpigia kwa sauti ya mgonjwa.

Gari ikavutwa mpaka kwa fundi mmoja wa Mwanakwerekwe. Hata boneti hakufungua. "Kifuniko cha tangi umekitazama lini?" Loo! Mpira wake ulikuwa umepasuka siku nyingi, na mimi naegesha Malindi, pale pale mchirizi wa paa unapomwaga mvua. Akatoa mafuta kidogo chini ya tangi, akayatia kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, tukasubiri dakika tano. Maji chini, petroli juu, mstari katikati kama umepigwa kwa rula.

"Mwanangu, gari ina malaria, wewe unaipa dawa ya minyoo."

Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hulala chini, na pampu nayo hufyonza huko huko chini. Ipo dawa yenye spiriti ndani yake inayoweza kuyabeba maji machache yakapita pamoja na mafuta. Lakini yangu hayakuwa machache. Ilibidi tangi limwagwe lote, lioshwe, na filta ibadilishwe. Bei ya kazi ile sitaitaja, mama anasoma gazeti hili.

Sasa msinielewe vibaya, dawa ya injekta si utapeli. Petroli huacha utando kwenye matundu madogo ya injekta, na dawa nzuri huuyeyusha. Itumie pale gari yenye plagi nzima na filta safi inapoanza kula mafuta kuliko kawaida au kuvuta kivivu. Imimine tangi likiwa karibu tupu, kisha nenda sheli ujaze, ichanganyike vizuri. Chupa moja kwa tangi zima, kama ilivyoandikwa, halafu endesha mpaka mafuta yaishe. Ukirudia kila wiki unawatajirisha wenye maduka tu. Na ya dizeli usiitie kwenye petroli, jamani, nimeshaona mtu akifanya hivyo!

Wenye Noah za injini ya D-4, zile zilizoanza kutoka 2001, mnisikilize zaidi. Humo petroli hupigwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa. Dawa ya tangini itafika kwenye injekta, lakini masizi ya valvu hizo haitayagusa kabisa. Hayo ni kazi ya fundi na mikono yake.

Ile ya kuongeza oktani nayo? Kama kitabu cha gari kinataka petroli ya kawaida na injini haigongi, hela yako kalie urojo.

Kuna chombo hapa Unguja ambacho bila cha kuchanganya hakiendi: Vespa za zamani za mapigo mawili. Pale oili ndiyo inayolainisha injini, inachanganywa na petroli yenyewe. Nyingi hutaka asilimia 2, yaani mililita 100 kwa lita 5. Ukisahau, pistoni inakamata, unasukuma mpaka nyumbani.

Na dawa ya mafuta iliyovuma kuliko zote duniani ilikuwa sumu. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors kule Marekani aligundua kuwa risasi, yale madini, huzuia injini isigonge. Dunia nzima ikaitia kwenye petroli, na watoto wakavuta moshi unaoharibu ubongo. Afrika kusini ya Sahara iliachana nayo mwanzoni mwa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani, Julai 2021. Babu zetu walipita Darajani wakiivuta hiyo hiyo.

Kifuniko kipya nimeshanunua, na gari inawaka mara moja. Funguo mjomba alinirudishia baada ya wiki mbili. Lakini kila asubuhi, kabla sijaondoka, anatoka na kikombe chake cha chai, anakifungua kifuniko mwenyewe, anapapasa mpira kwa kidole, kisha ananitazama bila kusema kitu.