Kiongozi wa jeshi anapovunja nyoyo za askari wake: Uislamu unatuelekeza nini?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na Maswahaba wake wote.

Ndugu Waislamu, zipo nyumba nyingi miongoni mwetu ambazo zina kijana aliyevaa sare ya jeshi. Anapokuja likizo, wazazi humuuliza afya yake, chakula cha kambini na swala zake. Lakini wakati mwingine, baada ya maswali hayo, kijana hutoa la moyoni: mkubwa wa kikosi chao anatukana watu mbele ya wenzao, anapendelea baadhi na kuwaonea wengine, hasikilizi neno, na askari wamekata tamaa hata kazi wanaifanya kwa kutimiza wajibu tu. Hapo mzazi hujiuliza: nimwambie avumilie, au nimwambie akatae?

Swali hili si geni katika Uislamu. Maswahaba (R.A) walikuwa askari, na walikuwa na makamanda. Walipata baridi, njaa, amri nzito na viongozi waliowaudhi. Namna walivyolipeleka suala hilo, na namna Mtume (S.A.W) na Makhalifa wake walivyolipokea, ni darasa kamili. Nalo linatufundisha kuwa si kila kiongozi anayelalamikiwa ni dhalimu, wala si kila utii ni wema. Lazima kwanza tupambanue mambo matatu: amri iliyo chungu, amri iliyo dhambi, na mwenendo mbaya wa kiongozi. Kila moja lina dawa yake, na anayezichanganya dawa hizo huongeza ugonjwa.

Upole ni nguzo ya jeshi

Tuanze na kiongozi mwenyewe. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (S.A.W) aliwapanga wapiga mishale 50 juu ya kilima chini ya Abdullah bin Jubair (R.A), akawaamrisha wasiondoke hapo kwa hali yoyote. Walipoona adui anakimbia na ngawira zimetapakaa, wengi wao waliteremka. Adui akazunguka nyuma. Waislamu wapatao 70 wakauawa mashahidi, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni.

Hakuna kamanda asiyeelewa uzito wa kosa hilo. Hata hivyo, tukiisoma aya ya 159 ya Sura Aal-Imran, iliyoteremka kuhusu tukio hilo, hatukuti amri ya kuwadhalilisha waliokosea. Mwenyezi Mungu anambainishia Mtume wake kuwa ulaini wake kwao ni rehema itokayo Kwake, na kwamba lau angekuwa mkali mwenye moyo mgumu, wangemkimbia. Kisha anamuamrisha awasamehe, awaombee maghufira, na aendelee kushauriana nao. Hebu tutafakari: watu ambao kosa lao limesababisha maafa bado wanatakiwa kushirikishwa katika shauri! Hiyo ndiyo njia ya kukirudishia kikosi ari yake baada ya pigo.

Na ulaini huo haukuwa wa maneno matupu. Katika safari ya Badr, mwaka wa 2 Hijria, Waislamu walikuwa zaidi ya 300 na ngamia wao walikuwa 70 tu. Mtume (S.A.W) alipokezana ngamia mmoja na wenzake wawili, na zamu yake ya kutembea kwa miguu ilipofika aliteremka na kutembea, ingawa wenzake walitaka kumsamehe. Wakati wa kuchimba handaki, mwaka wa 5 Hijria, alibeba udongo pamoja nao na kufunga jiwe tumboni kwa njaa. Askari huvumilia dhiki kubwa anapomwona kiongozi wake yumo ndani ya dhiki hiyo hiyo. Kinachomvunja moyo ni kubebeshwa peke yake.

Amri chungu si lazima iwe dhuluma

Sasa tutazame upande wa pili. Katika mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W) alimtuma Amr bin al-As (R.A) katika msafara wa Dhat as-Salasil, kaskazini ya Madina. Amr alikuwa amesilimu miezi michache tu kabla ya hapo. Chini ya amri yake walikuwemo watu waliomtangulia kwa miaka mingi katika dini, na waliokuja baadaye kumwongezea nguvu walikuwemo Abu Bakr na Umar (R.A).

Usiku ulikuwa wa baridi kali. Askari walitaka kuwasha moto waote, Amr akakataza. Tunaweza kukisia manung'uniko yaliyokuwepo: huyu mgeni wa jana anatutesa bila sababu! Umar alikasirika na kutaka kumkabili. Abu Bakr akamzuia, akimkumbusha kuwa Mtume hakumpa Amr uongozi ila kwa ujuzi wake wa vita. Umar akatulia. Adui aliposhindwa, Amr akawakataza tena wasimfukuze, na jambo hilo nalo likawaudhi.

Waliporejea Madina walimshitakia Mtume (S.A.W). Naye hakuwakemea kwa kulalamika. Alimwita Amr na kumuuliza. Amr akaeleza kuwa askari wake walikuwa wachache, akachelea moto usije ukamwonyesha adui uchache wao. Na alichelea kuwafukuza adui kwa sababu huenda wangekuwa na wenzao wa kuwasaidia. Mtume akaridhika na maelezo hayo.

Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza ni la askari: maumivu yako si ushahidi wa kutosha kuwa umedhulumiwa, kwani huenda kamanda anakiona usichokiona. La pili ni la kiongozi na walio juu yake: kuwa na sababu nzuri hakumwondolei mtu wajibu wa kuulizwa. Amr aliulizwa, akajibu, na nyoyo zikatua.

Pale amri inapokuwa dhambi

Lakini iko amri isiyosubiri maelezo. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ali (R.A) kisa cha kikosi ambacho Mtume (S.A.W) alikipa kiongozi miongoni mwa Ansari. Njiani kiongozi huyo alikasirishwa na watu wake. Akawauliza kama Mtume hakuwaamuru wamtii. Wakakubali. Akawaambia wakusanye kuni, wawashe moto, kisha waingie ndani yake!

Baadhi walikaribia kufanya hivyo. Wengine wakatazamana, wakakumbushana kuwa walimkimbilia Mtume ili waokoke na moto, sasa vipi waingie motoni? Wakabaki wamesimama mpaka moto ukazimika na hasira za kiongozi zikapoa. Habari ilipomfikia Mtume, alisema kuwa lau wangeingia wasingetoka humo milele, na akabainisha kuwa utii ni katika mambo mema tu.

Tuangalie namna walivyofanya. Hawakumshambulia kiongozi wao. Hawakukimbia na kukivunja kikosi. Walisimama pamoja, wakakataa lile moja lililokuwa maasia, na wakalipeleka jambo Madina.

Mwaka huo huo wa 8 Hijria, baada ya kufunguliwa Makka, lilitokea jambo zito zaidi. Khalid bin al-Walid (R.A) alitumwa kwa Bani Jadhima. Watu wale walitaka kusema kuwa wamesilimu, wakashindwa kulisema vizuri, wakatumia neno jingine lililokuwa na maana ya kuiacha dini yao ya zamani. Khalid hakuliona kuwa linatosha. Wengine wakauawa, wengine wakatekwa, kisha akaamuru kila askari amuue mateka wake. Abdullah bin Umar (R.A) aliapa kuwa hatamuua mateka wake, na wala wenzake hawatawaua wa kwao.

Mtume (S.A.W) alipoelezwa, aliinua mikono yake na kujitenga mbele ya Mwenyezi Mungu na kitendo cha Khalid, akirudia mara mbili. Kisha, kama wanavyosimulia wanahistoria wa Sira, alimtuma Ali (R.A) na mali akalipe fidia za damu na kila kilichoharibiwa, hata chombo cha kunyweshea mbwa. Wanachuoni wanaeleza kuwa Khalid alikosea katika ijtihadi yake, hakukusudia dhuluma; na Mtume aliendelea kumtumia katika jihadi. Lakini kosa halikufichwa kwa ajili ya jina la jeshi wala ushujaa wa kamanda. Waliosalimika siku ile walisalimika kwa sababu wapo askari waliojua mpaka wa utii.

Malalamiko yapelekwe wapi?

Linabaki jambo la tatu, nalo ndilo linalotokea mara nyingi zaidi: kiongozi haamrishi dhambi ya wazi, bali mwenendo wake ndio unaokidhoofisha kikosi. Hapa Qur'ani inatuonyesha njia. Aya ya 83 ya Sura An-Nisaa inawalaumu wale ambao wakipata habari ya amani au ya hofu huitangaza, na inafundisha kuwa lau wangeirejesha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka, wale wenye ujuzi wa kuchunguza wangeujua ukweli wake. Na aya ya 148 ya Sura hiyo hiyo inabainisha kuwa Mwenyezi Mungu hapendi uovu utangazwe kwa maneno, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Kwa hiyo aliyeonewa anayo haki ya kusema. Kinachotakiwa ni kusema mahali penye dawa.

Mfano ulio wazi ni wa Saad bin Abi Waqqas (R.A). Huyu ndiye aliyeliongoza jeshi la Waislamu katika vita vya Qadisiyya dhidi ya Wafursi. Siku za vita hivyo alikuwa na majipu yaliyomzuia kupanda farasi, akaongoza akiwa juu ya jengo. Baadhi ya askari wakamkejeli kuwa amejificha. Saad hakuwaadhibu kwa kumsema. Aliteremka akawaonyesha vidonda vyake, na watu wakampa udhuru.

Baadaye alikuwa gavana wa Kufa, mji ulioanza kama kambi ya jeshi. Watu wa huko wakamshitaki kwa Khalifa Umar, hata wakadai kuwa haswalishi vizuri. Wanahistoria wanasimulia kuwa malalamiko hayo yalifika wakati adui anajikusanya kwa vita, na Umar aliwaeleza walalamikaji kuwa wakati waliouchagua unawashuhudia vibaya, lakini hilo halitamzuia kuchunguza. Alimsikiliza kwanza Saad mwenyewe. Kisha akapeleka wachunguzi Kufa, wakapita msikiti baada ya msikiti wakiwauliza watu waziwazi.

Kote walimsifu, mpaka walipofika msikiti wa Bani Abs. Hapo alisimama mtu mmoja na kudai mambo matatu: kwamba Saad hatoki na jeshi, hagawi kwa usawa, na hahukumu kwa uadilifu. Tuyatazame madai hayo, kwani ndiyo mambo yanayovunja nyoyo za askari katika zama zote: kiongozi kukaa nyuma, upendeleo, na hukumu mbovu. Ila madai yalikuwa ya uongo. Saad akamwombea mtu yule kuwa, ikiwa amesema uongo, umri wake urefushwe, ufukara wake urefuke na akumbwe na fitna. Na Bukhari amepokea kuwa yalimpata hayo uzeeni.

Pamoja na hayo, Umar alimwondoa Saad Kufa. Alipokuwa anakaribia kufa alimtaja miongoni mwa watu sita wa kushauriana juu ya Khalifa ajaye, akaeleza kuwa hakumwondoa kwa sababu ya udhaifu wala hiana. Kiongozi mwema anaweza kuhamishwa ili umoja ubaki, na heshima yake ikabaki pia.

Wajibu wa familia zetu

Basi mzazi anayemsikiliza mwanawe na amuulize kwanza: umeamrishwa dhambi, au umeonewa, au umechoka? Ikiwa ni uchovu, amliwaze na amtie moyo wa subira. Ikiwa ni kuonewa, amshauri athibitishe: ni jambo gani, lini, mbele ya nani, kisha alifikishe kwa ngazi iliyo juu kwa utaratibu wa jeshi lake, akiwa na wenzake walioshuhudia, bila kuongeza chumvi. Ikiwa ni dhambi ya wazi, kama kuua asiye na hatia au kumtesa mateka, amkumbushe wale waliosimama mbele ya moto. Na familia yenyewe ijiepushe kuyasambaza mambo ya kambini barazani na katika makundi ya simu, kwani hapo hakuna hakimu wala mchunguzi, na huenda aliyetajwa akawa kama Saad.

Tusisahau kuwa ziko pia nyumba ambazo kamanda ndiye baba au mama. Muslim amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (R.A) kuwa Mtume (S.A.W) alimwomba Mwenyezi Mungu amfanyie uzito yeyote atakayepewa madaraka juu ya umma huu akawafanyia watu uzito, na amfanyie upole atakayewafanyia upole. Hiyo ni dua ya Mtume, na dua yake haianguki chini. Kila mwenye cheo begani na ajiulize, kabla ya kulala, yuko upande gani wa dua hiyo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azilainishe nyoyo za viongozi wetu, awape askari wetu subira katika haki na ujasiri wa kuikataa batili, na awarejeshe vijana wetu nyumbani salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.