Damu Isiyosema Uongo

Hadithi, hadithi! Najua mtaitikia: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Leo, wajukuu zangu, utamu na ukolee, lakini uongo tuuache mlangoni, maana hadithi yenyewe ni ya damu iliyotumwa maabara kupeleka habari.

Wodini walilazwa kina Asha wawili, vitanda vinatazamana. Muuguzi angeuliza, "Wewe ndiye Asha?" wote wangeitika. Badala yake akamuuliza mmoja wao, "Mwanangu, unaitwa nani? Nitajie majina yote matatu. Umezaliwa lini?" Majibu akayalinganisha na karatasi ya daktari.

Akamfunga mkanda mkononi ili mshipa ujitokeze, akachoma sindano, na kabla dakika 1 haijaisha akaulegeza. Mkanda ukikaa sana, maji ya damu huchujika nje ya mshipa, na vilivyobaki ndani huonekana vingi kuliko vilivyo.

Alijaza kwanza kichupa cha kifuniko chekundu, ndipo cha zambarau. Hiki cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo ina potasiamu. Ikiingia japo kidogo kwenye kichupa kingine, kipimo kitaonyesha potasiamu nyingi, na daktari atahangaika na ugonjwa ambao Asha hana.

Tazameni mikono yake sasa. Anakipindua kile cha zambarau taratibu, juu chini, juu chini, mara 8 hadi 10. Hakitikisi, maana chembe nyekundu zikitikiswa kwa nguvu hupasuka.

Kisha, papo hapo kando ya kitanda, akabandika lebo. Hakungoja afike mezani, ambako vichupa hufanana kama vifaranga. Sampuli ikapelekwa bila kuchelewa, kwani hata ndani ya kichupa chembe za damu zinaendelea kula sukari.

Mashine ya maabara ni hodari, lakini haijawahi kumwona Asha. Ukiipa damu ya huyu yenye jina la yule, itaipima vizuri kabisa, na jibu litampotosha daktari. Ndiyo maana makosa mengi ya vipimo huwa yameshatendeka kabla damu haijaifikia mashine.

Basi siku muuguzi anayekufahamu akikuuliza jina, usimwambie, "Si unanijua?" Taja yote matatu, kwa sauti. Na ukiona kichupa chako kinaondoka bila lebo ubavuni, usione haya. Uliza: "Sista, jina langu liko wapi?"