Ukungu wa jibini ni fedha, wa korosho ni hasara

KATIKA maduka makubwa ya Dar es Salaam na Nairobi huuzwa jibini yenye mishipa ya buluu na kijani. Mtu wa Msimbati au Kilambo akiiona anaweza kudhani imeoza. La hasha. Ukungu huo umepandwa kwa makusudi, na ndio unaoipandisha bei.

Maziwa hugandishwa, maji yakachujwa, yakabaki mabonge. Mtengenezaji hutia mbegu za ukungu uitwao Penicillium roqueforti, kisha bonge lililotiwa chumvi hutobolewa kwa sindano ndefu, kwa kuwa ukungu huo hauoti bila hewa. Ndiyo maana rangi hufuata njia za sindano. Baada ya hapo hukaa penye baridi na unyevu kwa wiki au miezi. Roquefort ya Ufaransa, ya maziwa ya kondoo, sharti itimize siku 90.

Je, Mtwara inaweza kuitengeneza? Kwa hesabu za biashara, bado. Maziwa ni haba, joto ni kali, na chumba cha baridi kinachowaka usiku na mchana kitameza faida yote, hata kama gesi inachimbwa hapo hapo Msimbati. Waachiwe Njombe, ambako jibini za kawaida hutengenezwa.

Mkulima wa korosho ana ukungu wake, na huo hakuuchagua. Miongoni mwa aina zinazoota kwenye mazao yasiyokauka ni Aspergillus flavus, inayotoa sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Korosho zianikwe juani siku mbili hadi tatu, zikigeuzwa, mpaka zikitikiswa zilie. Unyevu usizidi asilimia 10. Jioni zifunikwe, hasa zile za Desemba zinazokutana na mvua. Zitiwe kwenye magunia ya juti yanayopitisha hewa, si mifuko ya plastiki, na yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara msimu wa 2007/08, ubora ndio unaoamua mzigo uingie daraja gani. Wapo wanaochanganya kilo chache zenye ukungu ndani ya gunia zuri ili kuokoa uzito. Mkaguzi hutoa sampuli na kuzipasua korosho. Akikuta ukungu, linaloshushwa daraja si zile kilo chache, ni mzigo mzima.