Upasuaji wa kupunguza unene: Jua faida na hatari zake

JE, unaugua kisukari cha aina ya pili na unene umekataa kupungua licha ya kujinyima chakula na kufanya mazoezi? Huenda umeshauriwa ufanyiwe upasuaji wa tumbo. Kabla ya kuuza shamba ili ulipie, fahamu yafuatayo.

Kuna aina mbili zinazofanywa sana. Katika ya kwanza, daktari huondoa zaidi ya robo tatu ya tumbo na kuacha sehemu nyembamba mfano wa ndizi. Katika ya pili, hutenga kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo mdogo, hivi kwamba chakula hakipitii sehemu kubwa ya tumbo.

Faida haitokani na kula kidogo pekee. Homoni za utumbo hubadilika, njaa hupungua na insulini hufanya kazi vyema. Ndiyo maana sukari ya wagonjwa wengi hushuka siku chache tu baada ya upasuaji, kabla ya uzani kupungua sana.

Utafiti wa wagonjwa 150 uliofanywa Cleveland, Marekani, ulitoa matokeo ya miaka 5 mwaka wa 2017. Kiwango cha wastani wa sukari kilikuwa asilimia 6 au chini kwa wagonjwa 29 katika kila 100 waliounganishwa utumbo na 23 waliopunguzwa tumbo. Kwa waliotumia dawa pekee, walikuwa 5. Hata hivyo, utaona kuwa wengi hawakufikia kiwango hicho, na kisukari kinaweza kurudi.

Hatari nazo zipo. Mshono unaweza kuvuja, damu ikaganda miguuni au mapafuni, na wachache hufariki. Baadaye unaweza kupata mawe ya nyongo au kupungukiwa na madini ya chuma, kalsiamu na vitamini B12. Utameza vitamini na kupimwa damu maisha yako yote. Pombe nayo hulevya haraka zaidi. Kina mama hushauriwa wasishike mimba kwa angalau mwaka mmoja.

Nani anafaa? Zidisha urefu wako wa mita kwa urefu huohuo, kisha gawanya kilo zako kwa jibu hilo. Mwongozo wa kimataifa wa 2022 unapendekeza upasuaji kwa anayefikisha 35 (kwa mfano, kilo 90 kwa urefu wa mita 1.60), na kwa mgonjwa wa kisukari mwenye 30.

Muulize daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi, na nani atakuhudumia baadaye. Usiache wala kupunguza dawa za kisukari bila idhini yake.