Vyuma vya Chini ya Kitanda

Yapo mambo ambayo sisi wake wa mafundi huyahesabu kuwa uchafu wa gereji tu, hata siku yatakapotugusa mfukoni. Au jichoni, kama yalivyotugusa sisi.

Mwaka 2019 Baba watoto alipokea kazi ya kufungua giaboksi ya gari aina ya MGB hapa Nairobi. Hayo ni magari madogo ya michezo yaliyoundwa Abingdon, Uingereza, toka 1962 hadi 1980. Hilo lilikuwa la miaka ya mwanzo, ambalo gia ya kwanza haina sinkronaizi, na meno yake yalikuwa yameliwa. Malipo ya kwanza tulikuwa tumekwisha kuyalipia karo. Basi kurudi nyuma hakukuwezekana.

Kitabu cha kiwanda kinataja vifaa maalumu kwa namba zinazoanza na 18G. Vingi vilitengenezwa na V. L. Churchill kwa ajili ya gereji za mawakala. Havikuwa vya kupangwa dukani kama spana. Gari lilipoacha kuundwa, gereji zikafungwa na vifaa vikatawanyika.

Baba watoto akaamua kutumia tindo na nyundo. Beringi ni chuma kigumu sana, na ugumu huo ndio unaofanya kipasuke kama kioo kikigongwa. Kibanzi kikamruka jichoni. Tuliporudi kutoka zamu tulimkuta akilifikicha kwa kitambaa chenye grisi! Kama mumeo ni fundi, mwambie leo: jicho lililoingiwa na chuma halifikichwi, wala kilichochoma hakichomolewi nyumbani. Funika kwa kikombe safi bila kulibana, kisha hospitali. Kwa neema ya Mungu kilikuwa juu juu, daktari akakitoa. Lakini beringi ilikuwa imeharibika, na mwenye gari alianza kupiga simu kila asubuhi.

Ndipo tukaanza kutafuta kwa utaratibu. Kwanza tuliketi na kitabu, tukatenga kifaa kinachoweza kuchongwa na kile ambacho lazima kipatikane. Shafti ya bandia, kwa mfano, ni fimbo ya chuma tu: nyembamba kidogo kuliko shafti ya chini, na urefu wake hauzidi ule wa gia zenyewe. Kazi yake ni kushika beringi za sindano mahali pake wakati gia zinapoteremshwa na kuinuliwa tena. Mkereza vyuma wa Kariobangi aliimaliza kabla ya chakula cha mchana. Kumbe tulikuwa tumepoteza wiki nzima tukiiulizia Gikomba!

Kilichobaki kilikuwa kivuta beringi chenye kucha nyembamba. Tulikitaja katika kikundi chetu cha akina mama, kwa kulalamika tu, si kwa kutazamia msaada. Mjane mmoja, ambaye marehemu mumewe alikuwa fundi wa magari ya Kiingereza, akauliza, "Hivyo vyuma vina maandishi?"

Tulimfuata hadi nyumbani kwake. Chini ya kitanda palikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake, katika karatasi zenye mafuta, vifaa kumi na kimoja. Tulivipangusa kimoja kimoja: 18G, 18G, 18G. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameahidi shilingi 300 kwa sanduku zima, naye angekuja Jumamosi.

Hatukumficha thamani yake, ingawa mfuko wetu ulikuwa mtupu na ulimi ulikuwa mzito. Baba watoto alinunua viwili kwa awamu. Kivuta beringi mama huyo alikataa kukiuza. Hukikodisha kwa siku, na fundi huacha kitambulisho mezani kwake mpaka akirudishe kikiwa kimepakwa mafuta.